Kansa ya Njia ya Mkojo kwa Wazee Wetu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Mimi si daktari, wala sijifanyi daktari. Kazi yangu ni spana na grisi kama mjuavyo. Lakini tangu mliponitia katika kamati ya kutazama wagonjwa, nimekalia mabenchi mengi ya hospitali pamoja na wazee wetu, na huko nimekuwa nikiuliza maswali. Daktari akiwa na nafasi hunijibu. Asipokuwa na nafasi humngoja mlangoni mpaka atoke. Yale niliyoyasikia nimeyasoma tena pole pole katika karatasi za madaktari wenyewe, na neno nisilolifahamu nimeliuliza. Leo nataka kuwaeleza habari za ugonjwa mmoja tu, nao ni kansa ya njia ya mkojo iliyokwisha kuendelea, ikimpata mtu mzee.

Nimechagua jambo hili kwa sababu michango ya ugonjwa huu imeletwa katika tawi letu zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona mkutano ukigawanyika pande mbili. Upande mmoja husema, "Mzee amekula chumvi nyingi, ana miaka 76, mwacheni apumzike, msimtese kwa sindano." Upande wa pili husema, "Baba ni baba, uzeni shamba, apelekwe India." Pande zote mbili hunena kwa mapenzi, sina shaka. Lakini zote mbili zimetazama kitu kimoja tu, yaani mwaka ulioandikwa katika kitambulisho chake. Nasema ya kwamba mwaka huo hautoshi. Behewa halitolewi njiani kwa sababu ya mwaka uliopigwa kwenye kibati chake. Hutazamwa breki, magurudumu, ekseli na springi, ndipo mkaguzi aseme lichukue mzigo gani na liende mwendo gani. Kuna behewa kuukuu linalovuta vizuri, na kuna jipya lisilofaa kutoka yadi. Mzee naye atazamwe hivyo, na zaidi ya hivyo, maana behewa haliulizwi linataka kwenda wapi, lakini mzee lazima aulizwe.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Figo zetu mbili huchuja damu. Mkojo hushuka kwa mirija miwili myembamba mpaka kibofuni, na kutoka hapo huenda nje. Ndani ya mabomba hayo kuna utando, nao ni wa namna moja tangu figoni mpaka kibofuni. Kansa ya utando huu mara nyingi huanza katika kibofu, na mara chache katika mirija au ndani ya figo. Ikiwa bado iko juu ya utando, daktari hupitisha chombo chembamba kwenye njia ya mkojo na kuikwangua. Ikizama katika msuli wa kibofu kazi huwa kubwa. Huenda kibofu chote kikaondolewa, au kikachomwa kwa miali pamoja na dawa. Ikitoka nje ya kibofu na kufika katika tezi za mwilini, mapafu, ini au mifupa, hapo ndipo madaktari husema imeendelea. Kisu peke yake hakiwezi tena kuifuata. Kwa watu wengi haitaondoka kabisa, na daktari mwema husema hivyo waziwazi. Kazi ya matibabu sasa ni kurefusha maisha na kupunguza mateso.

Dalili yake ya kwanza ni damu katika mkojo, na mara nyingi damu hiyo haina maumivu. Huja siku mbili, hupotea miezi miwili, na mzee hushukuru Mungu kwamba amepona. Hapa ndipo tunapopoteza wakati. Mtu wa Pwani husema ni kichocho. Mtu wa bara husema ni baridi, au huona haya asijesemwa ana ugonjwa wa zinaa. Mama mzee hupewa vidonge vya maambukizo mara tatu, mara nne, bila mtu kumtazama kibofu. Na huyo wa kichocho naye asitulie, kwa maana kichocho cha mkojo, kile cha Kwale na Kilifi na Tana River, kikikaa mwilini miaka mingi bila dawa chenyewe huweza kuleta kansa ya kibofu. (Kichocho cha kando ya Ziwa Victoria kwa kawaida ni cha matumbo, hicho ni kingine.) Basi mtu mzima akiona damu katika mkojo hata mara moja tu, na vipimo visionyeshe sababu iliyo wazi, aombe kutazamwa kibofu. Asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge peke yake.

Wengine wataniuliza ugonjwa huu hutoka wapi. Adui wa kwanza ni tumbaku. Sumu ya moshi huingia katika damu, figo huichuja, nayo hukaa kibofuni saa nyingi ikingoja mtu aende haja. Adui wa pili anatuhusu sisi wafanyakazi. Mwaka 1895 daktari wa Frankfurt, Ujerumani, jina lake Ludwig Rehn, aliona uvimbe wa kibofu kwa watu waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda kimoja cha rangi za nguo. Tangu hapo imejulikana ya kwamba kemikali za kazini huweza kuleta kansa ya kibofu, tena baada ya miaka 20 au 30, wakati mtu amekwisha kupewa kiinua mgongo na kurudi kwao. Shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa limeiandika kazi ya kupaka rangi kuwa kazi iletayo kansa, na kibofu kimo. Moshi wa dizeli waliuandika mwaka 2012 kuwa huleta kansa ya mapafu. Juu ya kibofu walisema ushahidi upo lakini bado haujatosha. Mafundi wa rangi mlio hapa, sheria ya fidia ya mwaka 2007 hulipa magonjwa ya kazini, lakini nani atathibitisha ulipaka rangi gani mwaka gani kama hakuna daftari? Nitarudi kwa jambo hili siku nyingine, maana linahitaji mkutano wake.

Sasa matibabu. Dawa iliyotawala ugonjwa huu kwa muda mrefu yatoka katika madini ya platini. Mwaka 1965 huko Michigan, Marekani, mtaalamu Barnett Rosenberg alieleza jambo aliloliona alipokuwa akipitisha umeme kwa vyuma vya platini ndani ya maji yenye vijidudu. Vijidudu vile viliacha kugawanyika, vikarefuka kama nyuzi. Alipochunguza akaona si umeme uliofanya hivyo, bali ni platini iliyoyeyuka majini. Kansa ni kugawanyika kusikokoma, basi wakaijaribu, na mwaka 1978 serikali ya Marekani ikaikubali kuwa dawa. Jina lake ni sisplatini. Siku hizi katika kansa ya njia ya mkojo hutiwa mshipani pamoja na dawa nyingine iitwayo jemsitabini.

Sisplatini ni dawa ya nguvu lakini ni mgeni mzito. Hupitia figoni na kuzichoma, ndiyo maana mgonjwa huwekewa maji mengi ya dripu. Huweza kuharibu masikio. Huleta ganzi ya vidole na miguu. Maji yale mengi nayo ni mzigo kwa moyo uliochoka. Kwa hiyo kabla ya kuitoa madaktari hutazama mambo matano: nguvu za figo, nguvu za mwili kwa jumla, masikio, mishipa ya fahamu, na moyo. Mkiyasikiliza mambo hayo matano hamtasikia umri hata mara moja. Mtu wa miaka 78 aliyepita yote matano hupewa dawa, na wa miaka 58 aliyeanguka katika moja huenda asipewe. Ni kweli wazee wengi huanguka. Kama nusu ya wagonjwa wa kansa hii hawaifai sisplatini. Lakini wameanguka kwa figo au kwa moyo, hawakuanguka kwa sababu ya kitambulisho.

Nataka kukaa kidogo hapa kwenye figo, kwa kuwa nimeona mengi.

Nguvu ya figo huhesabiwa kwa kipimo cha damu kiitwacho kreatinini. Kijana mzima figo zake huchuja kama 100, nayo sisplatini huhitaji 60 au zaidi. Wapo madaktari wanaoshuka mpaka 50 kwa kuigawa dawa siku mbili. Lakini kreatinini yatoka katika misuli. Mzee aliyekonda, misuli imekwisha, kreatinini yake huwa chini, na mtu akitazama karatasi atasema figo ni nzima, kumbe si nzima. Lazima hesabu ifanywe pamoja na umri na uzito wake. Hivyo mpelekeni mzee akapimwe uzito siku ile ile, asiandikiwe uzito wa mwaka jana. Nimewahi kuona koti na viatu vya buti vikipimwa pamoja na mzee.

Jambo la pili, figo mbovu si kila mara ni figo iliyokufa. Huenda uvimbe umeziba mrija, mkojo ukarudi nyuma, figo ikavimba. Fundi yeyote hapa ajua pampu haifanyi kazi ukiziba bomba lake la kutolea. Ukilizibua mapema, pampu hurudi. Daktari huweza kupitisha kijibomba ndani ya mrija, au kuingiza mpira mgongoni moja kwa moja mpaka figoni ili mkojo utoke. Wiki chache baadaye hesabu huweza kupanda, na mtu aliyekataliwa dawa akakubaliwa. Kwa hiyo mkiambiwa "figo zimekwisha", ulizeni kwa heshima, "Je, daktari, zimekwisha au zimezibwa? Zimepigwa picha?"

La tatu ni vidonge vya maumivu. Wazee wetu wana magoti na viuno, na kila duka lauza dikolofenaki na vidonge vya jamii yake. Hivyo huumiza figo, na katika mtu ambaye figo zake ndizo mlango wa matibabu ni hasara kubwa. Mizizi na majani pia, sisemi yote ni mabaya, lakini daktari aambiwe. Chukueni mfuko, tieni kila dawa iliyo nyumbani, hata ile ya jirani, mwende nayo.

Nitawapa mfano wa mzee mmoja wa boila, ambaye sasa ni marehemu. Jina lake silitaji. Alikuwa na miaka 74 kansa ilipoonekana imefika mapafuni. Katika hospitali ya kwanza aliambiwa akiwa amesimama kwenye ukumbi, mbele ya watu, ya kwamba umri umekwenda na arudi nyumbani. Hesabu ya figo ilikuwa 38. Mwanawe hakuridhika, akatujia. Katika hospitali ya pili walimpiga picha, wakaona mrija wa kushoto umezibwa, wakamtia mpira mgongoni, na baada ya wiki tatu hesabu ikawa 61. Mlango ukafunguka. Ndipo daktari akampima masikio. Mnajua masikio ya watu wa boila, nyundo na bamba la chuma miaka 30, wakati ule hakuna aliyepewa vizibo. Daktari, ambaye alikuwa mwanamke kijana mwenye subira sana, akamwandikia kwa herufi kubwa katika karatasi: dawa yenye nguvu zaidi huenda ikamaliza kusikia kulikobaki, ile nyepesi itayaacha masikio lakini haina nguvu sawa. Wanawe wote walisema yenye nguvu. Mzee akasoma, akaikunja ile karatasi, akasema, "Niwe kiziwi ili niishi nyumbani mwangu nisisikie wajukuu? Nipeni nyepesi." Akapewa nyepesi. Alipata mizunguko minne, akaishi miezi 11, na siku nyingi za miezi hiyo alikuwa nje ya nyumba yake akizungumza na watu. Mwanawe mkubwa mpaka leo asema ingekuwa afadhali ile nyingine. Labda. Lakini masikio hayakuwa yake.

Ile nyepesi ni kaboplatini, nayo yatoka katika platini vile vile. Haziumizi figo sana na hupewa pamoja na jemsitabini. Hupunguza uvimbe kwa wengi, ila kwa kawaida si kwa muda mrefu.

Sasa nitataja hesabu kidogo, lakini kwanza nieleze hesabu hizi husomwaje, maana nimeona familia zikizihesabu kama tarehe ya mshahara. Daktari akisema "miezi 14", maana yake ni hii: wapange wagonjwa mstari mmoja, tangu aliyekufa kwanza mpaka aliyeishi zaidi, kisha umtazame yule aliye katikati. Nusu waliishi pungufu yake, nusu walipita, na wengine walipita sana. Basi katika majaribio makubwa, waliopewa sisplatini na jemsitabini yule wa katikati aliishi kama miezi 14. Wale wadhaifu waliopewa kaboplatini, katika jaribio la Ulaya lililotolewa mwaka 2012, wa katikati aliishi kama miezi 9. Kisha mwaka 2020 ikaonekana ya kwamba mgonjwa ambaye kansa yake imetulia kwa dawa hizo, akiongezewa avelumabu, ambayo ni dawa ya kuamsha kinga ya mwili, huongeza miezi: wa katikati 21 badala ya 14, wakihesabu tangu dawa za kwanza zilipomalizika.

Na habari kubwa zaidi ilitoka mwaka 2023 na kuchapishwa mwaka 2024. Wagonjwa 886 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa dawa za platini, la pili likapewa dawa mbili mpya, enfotumabu vedotini na pembrolizumabu. Ya kwanza hubeba sumu mpaka penye kansa, kama barua yenye anwani. Ya pili huiondolea kinga ya mwili breki zake. Wa katikati katika fungu la platini aliishi miezi 16, na katika fungu la dawa mpya miezi 31 na nusu. Madaktari waliokuwa ukumbini walipiga makofi. Tena dawa hizi haziulizi figo kwa ukali kama sisplatini, na hilo ni jema kwa wazee. Lakini nazo si maji: huleta vipele vikali, ganzi ya miguu na sukari kupanda, na kinga isiyo na breki huweza kushambulia mapafu, matumbo au tezi ya shingo. Mzee anayeishi peke yake, akipata ganzi ya miguu, ataanguka usiku akienda chooni.

Na bei, ndugu zangu. Bei yake haishikiki kwa mshahara wa reli, wala kwa harambee ya tawi moja. Nasema wazi kwa sababu nimeona shamba likiuzwa kwa ajili ya sindano ya kwanza na ya pili, kisha hakuna ya tatu. Dawa ya kukatizwa njiani ni fedha zilizotupwa mtoni. Kabla ya kuuza chochote, ombeni kwa maandishi: mizunguko mingapi, kila mmoja shilingi ngapi, vipimo ni shilingi ngapi, na baada ya mzunguko wa ngapi tutajua kama inafanya kazi. Daktari mwema hakasiriki kuulizwa hivyo. Tena kumbukeni, watu wa majaribio huchaguliwa, wengi wana nguvu kuliko wazee tunaowasindikiza sisi. Katika jaribio hilo kubwa umri wa katikati ulikuwa miaka 69. Mzee wa miaka 82 mwenye sukari na presha asiambiwe kwa hakika ya kwamba miezi 31 ni yake.

Hapo ndipo inaporudi habari ya ukaguzi. Mwaka 2021 ilitolewa habari ya wagonjwa 718 wa Marekani, wote wa miaka 70 na zaidi, wenye kansa za namna nyingi zisizoponyeka. Kwa nusu yao, daktari alipewa kwanza taarifa ya mzee mzima: je, aweza kuinuka kitini na kutembea, amepata kuanguka, anakula nini, akumbuka vizuri, ameza dawa ngapi, nani yuko nyumbani. Wengine walitibiwa bila taarifa hiyo. Katika wale waliokaguliwa, 51 kwa kila 100 walipata madhara makali ya dawa. Kwa wasiokaguliwa, 71. Walioanguka nao walikuwa wachache zaidi. Na urefu wa maisha? Haukupungua, ingawa madaktari wa fungu la kwanza mara nyingi walianza na kiasi kidogo cha dawa. Ukaguzi huo hauhitaji mashine. Wahitaji kiti, saa, na mtu asiye na haraka.

Hospitali zetu zina foleni, na mtu asiye na haraka ni shida kumpata huko. Sisi twaweza kuanza kazi hiyo nyumbani. Andikeni katika karatasi: mzee aweza kwenda chooni mwenyewe? Avaa mwenyewe? Amepungua kilo ngapi? Alianguka lini? Asahau? Nani atalala naye usiku wa dawa, na nani atamkimbiza hospitali akipata homa? Homa baada ya dawa za kansa hailali nyumbani mpaka asubuhi, ni usiku ule ule.

Sasa wale wasiofaa dawa yoyote, au wasiotaka. Hao wasiambiwe "hakuna la kufanya". Liko. Kibofu kinachotoa damu kila siku huweza kutulizwa kwa miali. Madaktari wa Uingereza walitoa mwaka 2000 jaribio la kulinganisha miali ya siku 10 na ya siku 3 tu, na nafuu ikawa karibu sawa. Kwa mzee anayetoka Voi au Malaba hiyo ni habari kubwa, siku tatu badala ya kumi, nauli na malazi vikapungua. Ulizeni. Maumivu ya mifupa pia hutulizwa kwa miali, pengine kwa mara moja tu. Na iko mofini ya kunywa. Watu wetu huiogopa, husema ni dawa ya kufia. Si kweli. Mtu mwenye maumivu makali akipewa kwa kipimo hulala, hula, huongea. Wampe na dawa ya choo pamoja nayo, kwa maana hufunga tumbo. Nairobi Hospice imekuwako tangu 1990, na hospitali nyingi za kaunti sasa zina watu wa kazi hii ya kutuliza. Tena msingoje siku za mwisho. Hao huweza kumtazama mzee hata wakati angali akipewa dawa za kansa.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane wa mtu wa pointi, miaka 81. Watoto wake walimficha ugonjwa, wakamwambia ni vidonda vya kibofu. Akawa anapelekwa huku na huku asijue kwa nini, na kila safari ilimchosha. Siku moja akamwuliza nesi, naye nesi akamwita daktari, akaambiwa kweli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: kama dawa itamwezesha kuwa nyumbani wakati wa mavuno. Daktari akasema dawa itamweka karibu na hospitali miezi ile. Akachagua miali ya siku tatu na mofini, akaenda nyumbani, akasimamia mahindi yake, akagawa magunia kwa mkono wake. Watoto walilia kwamba walimwacha. Mimi naona hawakumwacha, waliacha kumwamulia. Kumficha mzee ugonjwa wake twaita heshima, lakini mtu aliyeongoza gari la abiria usiku mwaka mzima aweza kubeba habari za mwili wake mwenyewe.

Yabaki mambo ya chama. Tangu Oktoba 2024 NHIF haiko, na mahali pake iko SHA. Makato ya asilimia 2.75 ya mshahara wako ni ya nyumba yako, msidhani yanamfunika mzazi kijijini. Mzee ajiandikishe kwa jina lake na alipiwe mwaka mzima mapema, kabla hajaugua. Fedha za kansa zina mpaka kwa mwaka kwa kila nyumba, na mpaka huo serikali huubadilisha, hivyo kaulizeni dawati la SHA hospitalini ni kiasi gani siku ile mnapoanza, na pangeni mizunguko pamoja na daktari mkijua.

Kamati imekubali kuwa na watu sita wa kusindikiza wazee hospitali kwa zamu. Kila msindikizaji atakuwa na daftari la kuandika: hesabu ya figo na tarehe yake, uzito, dawa zote za mfukoni, na maneno ya mzee mwenyewe juu ya anachotaka, yaandikwe kama alivyoyasema. Watano wamekwisha kujiandikisha. Jumanne ijayo twaenda na mzee mmoja wa signali, gari litatoka mbele ya ofisi ya tawi saa kumi na moja alfajiri. Anayetaka nafasi ya sita amwone Katibu kabla ya kutoka hapa.